Mzee wetu hajarogwa, anaumwa



Himidi zote njema ni za Allah, Mola wa viumbe wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba zake wote.

Ndugu zangu katika imani, ujumbe wa leo ni mrefu kidogo. Naomba uusome mpaka mwisho, hasa kama nyumbani kwako kuna mzee. Nawaandikia kutoka hapa Malampaka, wilaya ya Maswa, mkoa wa Simiyu. Ninachokisimulia kimetokea kwetu, na sehemu ya lawama ni yangu. Wahusika wameniruhusu kusimulia. Majina sitayataja.

KISA CHENYEWE

Tuna mzee mmoja hapa, mstaafu wa reli. Reli ya Tabora kwenda Mwanza, iliyofika Mwanza mwaka 1928, inapita kwetu, na familia nyingi za Kiislamu katika miji midogo ya stesheni kama huu zilifika kwa ajili ya reli na biashara ya pamba. Mzee huyu kwa miaka mingi ndiye alikuwa saa yetu. Kama muadhini amechelewa, yeye yupo. Kama imamu amesafiri, yeye anasalisha.

Kisha mambo yakaanza kubadilika, kidogo kidogo. Mwanawe ana duka, na mzee alikuwa akimshikia nafasi mchana. Mteja mmoja akija peke yake, hakuna tatizo. Wakija wawili, mmoja anataka sukari nusu kilo, mwingine anauliza bei ya sabuni, mzee anabaki amesimama na kipimo mkononi, hajui alikuwa anampimia nani. Chenji zikaanza kutoka vibaya. Akaanza kuuliza swali moja mara tano: "Treni imeshapita?" Unamjibu, anaitikia vizuri, baada ya muda mfupi anauliza tena kama vile hujawahi kumjibu.

Siku moja katika swala ya Adhuhuri, imamu ametoa salamu, sote tumetoa salamu, mzee akasimama kuswali rakaa ya tano. Vijana wa safu ya nyuma wakacheka. Mmoja akamvuta kanzu.

Tulipotoka nje, pale tunapovalia viatu, nikasikia mtu anasema kwa sauti ya chini: "Yule mzee si bure. Amechezewa." Mwingine akajibu: "Muangalieni anayemlisha."

Ndugu yangu, anayemlisha alikuwa dada yake. Mjane, anaishi nyumba ya pili kutoka kwake, kila asubuhi anamletea uji wa mtama. Na macho yake ni mekundu.

Kama wewe si mtu wa Usukuma, huenda sentensi hiyo haikukushtua. Sisi wa huku tunajua maana yake. Bibi mwenye macho mekundu huku amekuwa akiitwa mchawi tangu zamani, na wengine wameuawa kwa panga usiku kwa sababu hiyo tu. Macho yale yamekuwa mekundu kwa moshi. Kuni ni chache, mama zetu wamepikia mabua ya pamba na mavi makavu ya ng'ombe ndani ya jiko lisilo na dirisha kwa miaka hamsini. Ametupikia sisi, tukashiba, kisha tukayageuza macho yake kuwa ushahidi dhidi yake.

Mimi nilisikia maneno yale pale mlangoni, nikanyamaza. Nilijiambia ni maneno ya barazani tu, yatapita. Hayakupita. Mmoja wa watoto wa mzee akaenda kwa mpiga ramli, akarudi na jibu lisilohitaji jina: ni mwanamke, wa damu yake, wa karibu, anayemlisha. Yule bibi aliyapata maneno hayo akiwa bombani anachota maji. Usiku ule ule akafunga nguo zake, akaondoka kwenda kwa binti yake, wilaya nyingine.

Alhamdulillah, aliondoka akiwa hai. Wangapi hawakuwahi? Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kimekuwa kikiyaandika mauaji ya aina hii katika ripoti zake mwaka baada ya mwaka. Januari 2015 Serikali ilitangaza kupiga marufuku wapiga ramli. Marufuku hiyo haikuifuta kazi yao, kwa sababu wateja ni sisi.

MZEE ANA NINI?

Baada ya dada yake kuondoka, nikamfuata yule kijana wake mkubwa, nikamwambia: Twende hospitali. Akasema: "Sheikh, hili si la hospitali." Nikamwambia: Tangulia hospitali, halafu tutazungumza.

Daktari alimpima mzee presha, ikawa juu sana. Akamwangalia masikio, akamwangalia macho, akatoa damu. Kisha akakaa naye kama wanaopiga soga. Akamtajia vitu vitatu, akamwomba avikumbuke. Akamwambia: Mzee, nitajie siku za wiki kwa kurudi nyuma, anza na Jumamosi. Mzee akasema: "Jumamosi, Ijumaa, Alhamisi..." akatulia, kisha akaendelea: "Ijumaa, Jumamosi." Akili ilishindwa kushikilia njia ngeni, ikateleza kurudi kwenye njia iliyoizoea. Alipoulizwa vile vitu vitatu, hakukumbuka hata kimoja. Hakukumbuka hata kwamba alitajiwa vitu.

Daktari akatuambia kwamba kwa anavyoona, na kwa tulivyomweleza mambo yalivyoanza, ni ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, na inaelekea ni ule unaoitwa ugonjwa wa Alzheimer.

Jina hilo ni la daktari wa Kijerumani, Alois Alzheimer. Mwaka 1901, katika mji wa Frankfurt, alimpokea mwanamke aitwaye Auguste Deter aliyekuwa amepoteza kumbukumbu na kuchanganyikiwa. Zingatia umri wake: miaka 51. Hakuwa bibi kizee. Alipofariki mwaka 1906, daktari yule akauchunguza ubongo wake kwa darubini, akakuta mabonge ya uchafu kati ya chembe za ubongo na nyuzi zilizosokotana ndani ya chembe zenyewe. Mwaka huo huo akawaeleza madaktari wenzake. Leo inajulikana kwamba uchafu ule ni protini zinazojikusanya taratibu, na huanza kujikusanya miaka mingi kabla mtu hajasahau hata jina moja.

Basi ni ugonjwa wa kiungo, kama figo inavyougua na moyo unavyougua. Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 2021 watu milioni 57 duniani walikuwa wanaishi na maradhi ya kupoteza kumbukumbu, na zaidi ya nusu yao wako katika nchi zisizo tajiri. Hapa hapa Tanzania, utafiti uliochapishwa mwaka 2013 uliwaangalia wazee 1,198 wa miaka 70 na kuendelea katika wilaya ya Hai, Kilimanjaro. Uligundua kwamba wapatao 6 katika kila 100 wana hali hii. Je, kila mzee katika hao alirogwa na dada yake?

UMAKINI WA MZEE

Sasa nataka tuelewane jambo moja ambalo wengi hatulijui. Sisi tunadhani ugonjwa huu ni wa kusahau tu. Kumbe kusahau kuna ndugu yake, naye ni umakini kupotea. Na mara nyingi jambo hatukulikumbuka kwa sababu tangu mwanzo halikuingia.

Umakini wa mwanadamu una kazi nne. Ya kwanza, kukaa kwenye jambo moja mpaka liishe. Ya pili, kuchuja kelele, yaani kusikia sauti unayoitaka na kuziacha nyingine. Ya tatu, kugawa akili kwa mambo mawili kwa wakati mmoja. Ya nne, kuhama kutoka jambo hili kwenda lile bila kupotea njiani.

Mzee wa kawaida, asiye na ugonjwa, kazi ile ya kwanza kwa kawaida hubaki nayo. Mkalishe mahali patulivu, atakusimulia kisa cha mwaka 1964 kuanzia mwanzo hadi mwisho. Zinazopungua ni zile tatu nyingine. Redio ikiwa inalia, watoto wanapiga kelele na wewe unamsemesha, hakupati. Ukimpa maagizo matatu kwa pamoja, atashika moja. Anahitaji muda zaidi ili ajibu, lakini akipewa muda anajibu sawasawa. Anasahau jina la mtu asubuhi, jioni linamjia. Hilo si ugonjwa. Allah ametueleza katika Surat Ar-Rum, aya ya 54, kwamba alituumba katika udhaifu, akatupa nguvu baada ya udhaifu, kisha baada ya nguvu akaleta udhaifu na mvi. Ndiyo safari yetu sote.

Mwenye Alzheimer ni tofauti. Zile kazi tatu huvunjika mapema na kwa kiasi kikubwa, na jambo jipya haliandikiki ndani. Ndiyo maana anauliza swali lile lile: jibu lako halikupata mahali pa kukaa. Anaweka miwani ndani ya pipa la unga, halafu anasema kuna mwizi nyumbani. Anapotea kwenye njia aliyoipita miaka arobaini. Anaanza kutawadha, mtu anamsalimia, anasahau alikuwa amefikia kiungo gani. Kadiri ugonjwa unavyoendelea, hata ile kazi ya kwanza ya kukaa kwenye jambo moja inaondoka.

Tena hali yake haiko sawa siku nzima. Wengi wao asubuhi wako vizuri, jua likielekea kuzama wanahangaika, wanataka kutoka, wanasema "nipelekeni kwetu" na wako kwao. Watu wakiona hivyo wanasema: Jini lake linaamka Magharibi. Na kuna aina nyingine ya maradhi haya ambayo mgonjwa huona watu au wanyama wasiokuwepo. Watu wakisikia hivyo, wanaona ushahidi umetimia. Ndugu yangu, huo ni ubongo unaougua. Madaktari wanaujua hivyo, na sasa na wewe unajua.

Lakini sikiliza jambo hili, linaweza kuokoa maisha. Ugonjwa wa Alzheimer unakuja taratibu, kwa miezi na miaka. Kama mzee wako juzi alikuwa mzima na leo ghafla hajui alipo, hawezi kufuatilia maneno, analala mchana na kuweweseka usiku, hiyo ni dharura. Inaweza kuwa malaria, maambukizi ya njia ya mkojo, nimonia, upungufu wa maji mwilini, sukari au dawa aliyomeza. Mengi ya hayo yanatibika. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Ukianza na mganga unaweza kumzika mtu ambaye angepona.

JE, UCHAWI HAUPO?

Najua kuna mtu ameshaandaa swali hili. Mimi sikanushi sihri. Imetajwa katika Qur'an, Surat Al-Baqara aya ya 102. Wala sikatazi kumsomea mgonjwa Qur'an. Msomee, ni rehema na ni ponyo. Ninachosema ni mambo matatu.

Kwanza, kuamini kwamba sihri ipo hakukupi ruhusa ya kumtaja mtu. Katika Surat Al-Hujurat aya ya 12 Allah ametuamuru tujiepushe na dhana nyingi, kwa kuwa baadhi yake ni dhambi. Na katika Al-Ahzab aya ya 58 amesema kwamba wanaowaudhi waumini wa kiume na wa kike kwa jambo wasilolitenda wamebeba uzushi na dhambi iliyo wazi. Macho mekundu si ushahidi mbele ya kadhi yeyote. Ndoto si ushahidi. Kuku wa mganga si ushahidi.

Pili, kwenda kwa mpiga ramli ni haramu. Mtume (S.A.W.) amefundisha, katika hadithi aliyoipokea Imamu Muslim, kwamba mwenye kumwendea mpiga ramli akamuuliza jambo, swala yake haikubaliwi siku arobaini. Kijana wa yule mzee alikuwa anaswali safu ya kwanza. Akaenda kuuliza swala ya baba yake imeharibiwa na nani, na huko akaiharibu yake.

Tatu, Mtume (S.A.W.) mwenyewe ametufundisha kwamba uzee una hali hii. Alikuwa akimwomba Allah amkinge asirudishwe kwenye umri dhalili, na dua hiyo imo katika Sahihi Bukhari. Na Qur'an, katika Surat An-Nahl aya ya 70 na Surat Al-Hajj aya ya 5, inatuambia kwamba miongoni mwetu kuna watakaorudishwa kwenye umri huo mpaka wawe hawajui kitu baada ya kuwa walikuwa wanajua. Allah anasema ni Yeye anayewarudisha. Sasa wewe umepata wapi habari kwamba ni shangazi yako?

SWALA NA MALI YA MZEE HUYU

Nirudi kwenye ile rakaa ya tano. Mnakumbuka hadithi ya Dhul-Yadayn? Mtume (S.A.W.) aliwaswalisha watu swala ya mchana akatoa salamu baada ya rakaa mbili. Mtu huyu akamuuliza kwa adabu: swala imepunguzwa, au umesahau? Mtume akawauliza wengine, wakathibitisha, akakamilisha swala na akasujudu sijda mbili za kusahau. Pale msikitini walikuwemo Abubakar na Umar, na hakuna aliyecheka. Na katika hadithi nyingine alisema kwamba yeye ni binadamu, anasahau kama sisi tunavyosahau, na akisahau tumkumbushe. Basi kukosea idadi ya rakaa kumewahi kumtokea mbora wa viumbe. Wewe kijana wa safu ya nyuma unacheka nini?

Hukumu yake iko wazi. Mzee ambaye akili bado ipo ila anasahau, aswali, na mtu akae pembeni yake amwongoze. Aking'ang'ania kusimama, msimvute nguo. Mshike mkono taratibu, mkalishe. Mzee ambaye akili imeondoka kabisa, kalamu imeinuliwa kwake, kama tulivyofundishwa kwamba kalamu haimwandikii aliyelala mpaka aamke, mtoto mpaka abaleghe na aliyepotewa na akili mpaka imrudie. Hana dhambi ya swala wala ya saumu. Kama akili inakuja na kuondoka, mambo yake yanahitaji ufafanuzi. Muulize mwanachuoni wa karibu nawe.

Jambo la pili ni zito zaidi, na hili nalisema bila kumung'unya maneno. Mtu aliyepotewa na akili hauzi, hatoi zawadi wala haandiki wasia mpya. Kuna watoto wanaomshika baba yao kidole gumba, wanakichovya kwenye wino, wanakigandamiza kwenye karatasi ya shamba. Baba anatabasamu kwa kuwa ameguswa na mwanawe. Wallahi, hiyo ni dhulma, na shamba hilo ni moto tumboni mwako. Na chunguza vizuri tuhuma nyingi za uchawi huku kwetu: mara nyingi nyuma ya macho mekundu ya bibi kuna ekari zake tatu.

UMAKINI WAKE UKIPUNGUA, WAKO UONGEZEKE

Hapa ndipo ninapotaka ukae na mimi. Katika Surat Al-Israa aya ya 23 Allah anataja wazazi wakifikia uzee, anatukataza hata kuwaambia "ah". Lakini ametaja na mahali: wakifikia uzee wakiwa kwako. Kwako wewe, mbele ya macho yako. Na "ah" ile huitoi siku ya kwanza. Unaitoa anapouliza mara ya tano kama treni imeshapita.

Ulipokuwa mtoto ulimuuliza mama yako "Hii nini?" mara mia kwa siku. Hukuwa na umakini, hukuwa na kumbukumbu. Wake ndio uliotosha kwa wote wawili. Sasa zamu imegeuka. Wake umepungua, wako ndio unaodaiwa. Nami nakuona: mzee anakusemesha, jicho lako liko kwenye simu.

Fanya mambo haya, hayana gharama:

1. Ukitaka kumsemesha, njoo mbele yake, sio kwa nyuma. Taja jina lako: "Baba, ni mimi mwanao fulani." Usimtahini kwa kumuuliza "Unanikumbuka?" Akishindwa, umemwaibisha.

2. Zima redio kwanza. Mtu mmoja aongee kwa wakati mmoja.

3. Mwambie jambo moja moja. "Vua viatu." Subiri. "Kaa hapa." Subiri. Kisha mletee maji ya udhu.

4. Ukimuuliza, nyamaza mpaka ajibu. Hesabu mpaka kumi moyoni ukitaka.

5. Siku yake iwe na mpangilio ule ule. Adhana tano ni saa nzuri kuliko saa ya ukutani. Mambo magumu kama kuoga yafanyike asubuhi, akiwa vizuri.

6. Akisema "nipelekeni kwetu", usibishane naye. Mshike mkono, mzunguke kidogo uani, mrudi.

7. Soma naye sura fupi alizohifadhi utotoni. Kumbukumbu za zamani huchelewa kuondoka. Mzee wetu hakumbuki alichokula asubuhi, lakini ukianza Al-Fatiha anaimaliza.

8. Angalia usalama: moto wa jikoni, kisima, na kwetu hapa, reli.

9. Mpimeni presha, sukari, masikio na macho. Asiyesikia na asiyeona vizuri ataonekana amepotewa na akili hata kama hajapotewa. Na hili ni letu sote tulio na miaka 40 na 50: ripoti ya wataalamu iliyotoka katika jarida la Lancet mwaka 2024 inakadiria kwamba karibu nusu ya maradhi haya duniani yanahusiana na mambo yanayoweza kuzuilika au kupunguzwa, yakiwemo presha, kisukari, sigara, pombe, kukosa elimu, kutosikia vizuri na upweke.

10. Msimwachie mzigo huu mtu mmoja, ambaye mara nyingi ni binti au mkwe. Pangeni zamu. Kaka aliye Mwanza au Dar es Salaam akituma pesa ni vizuri, lakini na yeye aje alale naye usiku mmoja ajue.

Dawa ya kuuondoa ugonjwa huu haijapatikana. Zipo zinazopunguza dalili kwa muda kwa baadhi ya wagonjwa. Daktari ndiye wa kuamua. Mtume (S.A.W.) alituhimiza tujitibu, akasema kila ugonjwa Allah ameuwekea dawa isipokuwa mmoja, nao ni uzee. Kwa hiyo tutatafuta dawa ya ugonjwa, na uzee wenyewe tutautunza.

TULIPOFIKA SASA

Yule mzee anatumia dawa ya presha, ametulia kidogo. Vijana wawili wa msikiti wamejitolea kukaa naye swala zote, mmoja kulia, mmoja kushoto. Mmoja wao ni yule aliyemvuta kanzu. Allah amlipe.

Lakini kila asubuhi, uji unapoletwa na mtu mwingine, mzee anauliza: "Dada yangu yuko wapi?" Watoto wanamwambia amesafiri. Anaitikia. Kesho yake anauliza tena. Katika mji mzima mtu aliyekuwa na umakini kwa mzee huyu alikuwa mmoja, yule bibi. Ndiye aliyegundua wa kwanza kwamba kaka yake hajui tena kufunga vifungo vya shati, na alikuwa akimfunga kimya kimya watu wasijue. Sisi tukamfukuza kwa maneno yetu. Mgonjwa tulimwacha bila mtu, na tukasema tunamtafutia tiba.

Jumamosi hii, inshaallah, tunakwenda kwake. Imamu, watoto wa mzee, na mimi niliyesikia nikanyamaza. Hatuendi kumwita arudi. Hilo ni la kwake kuamua, na akiogopa ana haki ya kuogopa. Tunakwenda kumwomba radhi mbele ya watu, kwa kuwa alichafuliwa mbele ya watu. Na Ijumaa inayofuata habari hii itasemwa juu ya mimbari kwa sauti, si pale mlangoni kwa kunong'ona.

Nawaomba maimamu wenzangu wa Maswa, Bariadi, Meatu, Itilima, Busega, na wa Shinyanga na Mwanza: hotuba moja tu. Waambieni watu kwamba mzee anayesahau ni mgonjwa, bibi mwenye macho mekundu ni mpishi wetu, na mpiga ramli ni muuza damu. Tukikaa kimya, tutaulizwa.

Ewe Mola wetu, warehemu wazazi wetu kama walivyotulea tukiwa wadogo. Wape afya wazee wetu, na wale uliowarudisha kwenye udhaifu tupe subira ya kuwahudumia bila kuguna. Tukinge sisi na umri dhalili, na ukitufikisha huko tujaalie watu watakaotujibu kwa upole mara ya tano. Walinde mama zetu wajane na ndimi zetu na mikono yetu. Amin.

Ukiwa na mzee wa hali hii, andika hapo chini tumwombee dua. Na umfikishie ujumbe huu ndugu yako mmoja aliye kijijini.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.